Simu Kwenye Friji ya Soda

Chumba cha tatu,
Nyuma ya gereji.
Jumapili mchana, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. Hujambo? Wifi hajambo? Na kile kikohozi chako kimekuacha, au bado mnaishi pamoja? Sisi tu wazima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea. Bonge wangu amelala mapajani, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka.

Habari za mtoto kushtuka usingizini unazijua. Mikono inaruka, inatulia, inaruka tena. Lakini kila nikimfikisha hospitali anakodoa macho na kumchekea daktari, mzima kama kigongo. Daktari akaniambia nimrekodi kwa simu, nirudi Alhamisi ya wiki ya tatu, tujue kama ni kifafa. Wiki tatu nilimvizia kama paka mlangoni pa panya. Nikapata video nne.

Sasa lako, Kaka. Shemeji yako alikulalamikia kwamba simu uliyotutumia ni nzito, ukamfundisha kuiruti, yaani kuifungua kufuli zake za ndani, kisha kuongeza kasi ya prosesa, ubongo wake, kupita ile ya kiwandani. Najua ulimwambia aongeze kidogo. Lakini ulikuwa unamwambia nani? Fundi pikipiki, ambaye kila chombo lazima akijaribu mpaka mwisho wa mwendo. "Injini ni injini," akanijibu, akasukuma kasi hadi juu kabisa, na akaweka alama kwamba kila simu ikiwaka ianze na kasi hiyohiyo.

Kwa saa moja ilipaa. Kisha ikawa pasi ya moto. Ikazima, ikawaka, ikazima. Hiyo ni Jumanne. Tungeweza kufuta vyote na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, ila video zangu zingekwenda na maji.

Sikugomba, nilichoka mno. Nilikaa kitandani nikamtazama tu, na nadhani hilo lilimwuma kuliko matusi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kuwa ikipoa kabisa hukaa dakika chache kabla ya kuzima. Tukaifunga kwenye mfuko wa nailoni wa bluu, tukamwomba dada wa duka la jirani aiweke kwenye friji ya soda. Mteja mmoja akauliza hiyo ya bluu ni ladha gani. Dada akamjibu kuwa hiyo ni ya familia, haiuzwi.

Mara ya kwanza ilimzimikia mikononi. Mara ya pili vilevile. Ya tatu, vile vidole vyake vya grisi vikatulia, akarudisha kasi ilipokuwa, akaondoa ile alama. Tukasubiri. Haikuzima. Video zote nne nilizihamishia kwenye simu ya dada wa dukani kabla sijavuta pumzi. Ndipo nikamruhusu afute kila kitu, ruti na mambo yake yote, simu ikarudi kama siku uliyoituma: konokono.

Alhamisi daktari alizitazama mara mbili, amesimama. Halafu akasema, "Mama, huyu hana kifafa. Ni mishtuko ya usingizi tu, ataiacha mwenyewe akikua." Shemeji yako akatoka nje kukagua pikipiki isiyo na tatizo lolote. Alirudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Kaka, nakupenda, na simu uliituma kwa moyo mweupe. Lakini kuanzia leo maarifa yoyote ya simu yapitie kwangu kwanza. Shemeji yako mwachie plagi na minyororo.

Sasa nikifungua picha moja, nafua nepi mbili ndipo inatokea. Sina haraka.

Msalimie sana Wifi, na Shangazi ukimwona. Dada wa dukani anakusalimu, anasema friji ipo. Mungu akutangulie kazini na akurudishe nyumbani salama kila siku.

Huo mstari uliochoreka hapo juu ni wa Bonge. Ameshtuka, mkono wake umepiga kalamu. Kaendelea kulala, nami nimeendelea kuandika.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Bonge