Maziwa Yasiyo na Mtoto

Mikumi, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na mto haujawasumbua tena hapo Kidete. Mimi na mkweo Abeli tunaendelea na kibanda chetu cha chakula. Naandika kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Barua hii isome peke yako.

Najua shangazi Magdalena amekwambia nina mimba. Alikuta siku zangu zimekoma na blauzi imelowa maziwa, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Nami niliamini. Kwa jinsi tulivyongoja, ningeachaje kuamini? Lakini kipimo kilikataa, nikaenda hospitali kuuliza maziwa haya yanatoka wapi.

Daktari aliniambia kwamba ubongoni kuna kemikali iitwayo dopamini, inayopeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, na seli zina vipokezi vya kuudaka. Ikizidi upande mmoja, mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo. Dawa ya kuzituliza hukaa kwenye vipokezi hivyo, ujumbe ukakosa pa kutua, sauti zikafifia. Nikamuuliza maziwa yanaingiaje hapo. Akasema dopamini hiyohiyo, mahali pengine ubongoni, ndiyo huyazuia maziwa. Dawa haichagui, imekaa na huko pia, kizuizi kikaondoka, maziwa yakaja na siku zikakoma. Mama, kwa kitambo nilisahau huzuni yangu. Niliuliza maswali mpaka waliokuwa foleni wakaanza kuguna.

Utajiuliza dawa ya nani. Ni yangu. Tangu mwaka jana nilikuwa nawasikia wateja wakipanga kuniua, hata kibanda kikiwa kitupu. Abeli ndiye aliyenipeleka hospitali. Tulikuficha kwa sababu niliogopa mtanifungia kwenye chumba cha uani, kama mlivyomfungia mama mdogo Costancia.

Nilitaka kuziacha dawa nipate mtoto. Daktari hakunikaripia. Alisema nisiache ghafla, akanibadilishia nyingine isiyogusa sana upande wa maziwa, na akasema mimba bado inawezekana. Abeli naye aliniambia kwamba mtoto akichelewa tutamngoja, ila mimi nikipotea hatajua aningojee wapi. Basi nameza.

Shangazi mweleze kwa namna utakayoona wewe. Mwezi ujao nakuja, na naomba uniruhusu nimchukue mama mdogo nije naye kwa daktari huyu. Msalimie sana. Miaka yote hii tumempelekea chakula mlangoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza anasikia nini.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Debora