Upande wa Chini wa Kigodoro

Mwende mjukuu wangu,

Habari ya Nanyuki na hiyo baridi yenu? Sisi hapa Tseikuru tuko salama. Mama yako amepona kikohozi, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mvua bado, lakini hiyo tuiache.

Umeniuliza kama kigodoro unachofunga mgongoni mwa farasi badala ya tandiko kinatosha. Farasi mimi sijui. Punda najua.

Nilipokuwa msichana nilimpanda punda wetu kwenda kuchota maji kwenye visima vya mchanga mtoni. Mgongo wake ulikuwa mifupa mitupu, kwa hivyo nikashona gunia na kulijaza nyasi. Upande wa kukalia niliufanya laini kabisa. Mafundo yote ya kamba niliyaweka chini, yasinidunge. Nilistarehe siku tatu. Siku ya nne, tukiwa mtoni na mama, punda akaniangusha. Mama akainua gunia, akaona kidonda mgongoni mwa punda.

Hakunipiga. Alinifunga lile gunia mgongoni, mafundo yakinielekea mimi, akaweka debe la maji juu yake, akanivisha kichwani ukanda wa kulishikilia.

"Twende pole pole," akasema. Punda alitufuata bila mzigo.

Kigodoro ni kizuri, Mwende, kitumie. Lakini kabla ya kukifunga, kigeuze kwanza, upitishe mkono upande ule ambao wewe hutaukalia.

Ni mimi susu yako, ambaye mgongo wake bado unakumbuka.