Boti Ilisogea

Jela, rafiki yangu, uko wapi?? Wamenifutia ushindi. WAMENIFUTIA!

Nimemshinda Neibanjan. Ndiyo, huyohuyo mwenye rekodi ya taifa ya kuogelea. Kutoka gatini mpaka kwenye boti ya kumalizia, mimi ndiye niliyegusa kwanza, na nusu ya mji wa Majuro ilikuwa ufukweni inaona. Mama alishaanza kulia kwa furaha.

Halafu mzee Kejjo wa chama cha kuogelea anashika kipaza sauti: "Matokeo hayahesabiki. Nanga imeng'oka, boti imesogea."

Boti imesogea, Jela! Mchujo wa nchi nzima, nafasi moja tu ya kwenda mashindanoni Palau, na watu wazima wameshindwa kutia nanga!

Nikamuuliza, "Mzee, kwani ilisogea kwangu peke yangu?"

"Usinipandishie sauti, binti. Tutampeleka mwenye rekodi."

Tutampeleka mwenye rekodi. Umeisikia hiyo? Sasa mimi niliitwa kuogelea ili iweje?

Neibanjan alikuwa pembeni anajifuta nywele. Haki ya Mungu nilitaka kumrukia. Mara akaja, akamnyang'anya mzee kipaza sauti.

"Nimeshindwa. Hiyo boti tuliifuata wote wawili. Bila kurudia, mimi Palau siendi."

Watu wakapiga kelele, Kejjo akanywea. "Haya, basi kesho asubuhi."

Kesho! Mabega yananiwaka moto, hasira imenijaa mpaka hapa, na natakiwa kumshinda tena mtu ambaye sasa hata kumchukia siwezi.