Trakisuti Zetu Zenye Mstari wa Kitenge

Mpendwa Dada Goreti,

Namba yako haipatikani tangu uliporudi Burundi, kwa hiyo naandika hapa mtandaoni. Pengine mtu wa kwenu atakusomea.

Nakukumbuka kwenye soko la kambi ya wakimbizi ya Nduta, umeketi nyuma ya cherehani, ukiniuliza kwa nini vijana wetu wa Kibondo wanakimbia na majina ya watu wa mbali kifuani. Mimi nilikuja kuuza vitenge tu. Ukachukua kipande, ukakishona ubavuni mwa suruali ya mazoezi, kutoka kiunoni hadi chini. "Sasa hii ni ya kwetu, mdogo wangu," ukasema.

Tukaanza hivyo. Wewe ulikata, mimi nikashona na kupeleka mjini. Mwalimu wa michezo aliyehamia kutoka Tanga alivaa ya kwanza, wanafunzi wake wakazitaka, kisha hata wasiocheza chochote wakawa wanazivaa kanisani. Ulipotarizi yule korongo mdogo kifuani, nilikuuliza ni wa nini.

"Ili watujue."

Na kweli walitujua. Hadi Kasulu waliulizia nguo za korongo.

Siku ulipopanda basi la kurudi kwenu nililia sana. Ukaniambia, "Ntakundi, ndivyo tusemavyo kwa Kirundi: hakuna namna. Wewe shona."

Nimeshona, dada. Nilipanga chumba Kasulu, nikaweka wasichana wawili kwenye mashine. Mwaka huu zikaingia sokoni trakisuti za kiwandani. Mstari wetu umechapwa tu, si kitenge. Korongo ni yuleyule, na mguu mmoja kaukunja kama ulivyomtarizi wewe. Bei yake siifikii hata nikishona bure. Nilimfuata muuzaji, akanijibu kwa upole, "Mama, mimi nachukua mzigo Dar. Aliyezitengeneza simjui." Ofisi ya biashara wakaniuliza kama tulisajili nembo. Tungesajili kwa jina la nani, wewe mkimbizi, mimi fundi wa barazani? Wale wasichana nimewarudisha kwao.

Jumapili timu ya mabinti wa kijiji cha Rungwe Mpya ilipita dukani kwangu, wote wamevaa zile za kiwandani. Nahodha wao akanishika mkono, anatabasamu. "Mama Korongo, tumekuja utuone. Tumechanga tukanunua za kwako."

Nikawaambia wamependeza.

Kaa salama huko uliko, dada. Mimi nipo, na sijui nifanye nini.

Mdogo wako wa Kibondo