Mbio za Baba na Mtoto

Kericho, Aprili

Dada Gesare,

Salamu nyingi huko Riyadh. Huku mvua imeanza na chai imechipuka vizuri.

Jumamosi kanisa lilifanya siku ya familia uwanjani hapa mjini. Tulipanda miti, watoto wakachorwa nyuso, tukala pilau. Kisha pasta akatangaza mbio za baba na mtoto, wakimbie wamefungwa miguu pamoja. Phyllis wangu akabaki amesimama peke yake. Unajua tulimzika baba yake juzi tu, Februari.

Jirani yetu Kipkemoi akavua viatu. "Kuja, mtoto yangu, tukimbie."

Wakawa wa pili. Watu walishangilia, wengine wakalia. Mimi nilipiga makofi kwa sababu wote walikuwa wanapiga. Wanasema nimejikaza, dada, lakini sijajikaza. Sisikii kitu.

Tukirudi nyumbani Phyllis akaniuliza, "Mama, ulifurahia?"

Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Hata mimi pasta aliponiuliza nilimwambia hivyo."

Nikamshika mkono. Mvua ikatunyeshea, hatukukimbia.

Usihangaike kutuma kitu. Piga simu tu, uongee na yeye.

Mdogo wako,
Bonareri