Vocha Alizozitunza Baba

Jumanne, 11 Machi

Ndege imefutwa. Si kuchelewa — imefutwa! Injini, wamesema. Mimi na Baba tumebaki katikati ya safari: nyumbani hatupo, kwa Mama hatujafika. Dada, anayemuuguza huko hospitalini, amepiga simu. Daktari anasema tufanye haraka. Nimemjibu kwamba tunafanya haraka. Tumekaa kwenye viti vya chuma, tunafanya haraka.

Kaunta wametupa vocha za chakula. Baba amezipokea kwa mikono miwili, akawashukuru. Nikaona aibu. Kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Nilipomwita tukale, akasema hana njaa. Vocha zake amezikunja, amezitia kwenye pochi.

Jumatano, 12 Machi

Tumepewa vocha nyingine. Viti vya ndege bado.

Baba hajala tangu jana. Anakunywa maji ya bombani na kuyasifu. Nimembana mpaka akasema: hajawahi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, hataanza na mkewe. Kwa hiyo anazikusanya. Siku ya kuondoka atanunua kwa mpigo — mtindi, maji ya matunda, supu ya kopo. Vitu laini, maana Mama hamezi kigumu.

"Wewe kula, mwanangu. Mimi nina akiba ya mwilini." Akajipiga tumbo. Halikulia kama akiba.

Nimemsomea maandishi ya nyuma ya vocha: kila moja inaisha na siku yake. Amenitazama kama mtu aliyeona ada aliyonilipia shuleni imepotea bure. "Chakula ndicho kinachooza," akasema. "Karatasi haiozi."

Nimekula yangu. Wali na kuku, vyote rangi moja. Nimeramba hadi kijiko. Mama yuko mahututi na mimi naramba kijiko! Mtu ameumbwaje?

Abiria mwenzetu mmoja, Kibonge tunamwita, anasema tumegeuka wanafunzi wa bweni: kengele, foleni, sahani. "Mzee, wewe umegomea chakula, unataka shule ifungwe?" Baba alicheka. Mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Viti vimepatikana! Tunaondoka alasiri. Baba amefunga vifungo vyote vya koti, akashika kikapu, akaingia dukani mbele yangu kama bwana harusi.

Kikapu kilijaa. Muuzaji akazipanga vocha mezani: za juzi, za jana, ya leo. Ni hii ya leo tu, mzee. Baba akasema pengine mashine imekosea. Muuzaji akajaribu tena. Hapana.

"Kwani njaa ya jana haikuwa njaa?"

"Baba yangu, ingekuwa mimi ningekupa. Lakini mashine haina mama."

Kibonge, nyuma yetu, akamnyooshea vocha yake. "Chukua, mzee. Mwili huu ukikosa mlo mmoja utanishukuru." Baba akakataa. Hampelekei mkewe cha kuomba. Akaanza kurudisha vitu rafuni, kimoja kimoja, kila kitu mahali pake.

Hapo simu ikatetemeka. Ujumbe wa Dada. Mama ametutoka. Usimwambie Baba njiani, mfikishe kwanza.

Nimetoka. Nimekaa kwenye meza iliyo mkabala na mlango wa duka, naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Kutoka hapa namwona vizuri. Amebakiwa na vitu viwili, vocha inatosha kimoja. Anavipima mikononi. Koti limempwaya, au yeye ndiye aliyepungua? Kipaza sauti kimetaja lango letu. Hakusikia. Sasa ananitafuta kwa macho — ameniona. Ameinua mtindi mkono huu, maji ya machungwa mkono huu, anauliza duka zima lisikie:

"Mama yako atapenda kipi?"

Kila aliye kwenye foleni amegeuka kunitazama. Nataka kupiga kelele: kula wewe, Baba! Kula wewe!

Nimeonyesha mtindi. Ameitikia kwa kichwa, kumbe naye alijua ni huo. Amerudi mwisho wa foleni.