Sekunde ya Kumi na Tisa

Jumanne, 20 Mei 2025. Kilosa.

Nimezilinganisha tena saa mbili za michezo. Moja huchelewa. Nimeiweka kando.

Nimenakili kanuni kwa mara ya mwisho, kwa herufi kubwa, ibandikwe kwenye uwanja wa Mikumi. Mrushaji akishaupokea mpira ana sekunde kumi na tano za kuanza kurusha ikiwa vituo ni vitupu. Kumi na nane ikiwa kuna mkimbiaji kituoni. Akizidisha, anahesabiwa mpira mbaya hata kama hakurusha. Mipira mibaya ikifika minne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Mrushaji hana haki ya kuomba saa isimamishwe. Mwamuzi ndiye huisimamisha, kwa sababu tatu tu: jeraha, mvua, na mnyama kuingia uwanjani. Hiyo ya tatu niliiongeza kwa ajili ya ng'ombe. Nimeridhika na ukamilifu wake.

Wazo ni langu. Msimu uliopita mechi zetu za besiboli zilikwisha giza likiingia, mashabiki wakiwa wamebaki watu sita na mbwa mmoja. Kamati ya mashindano ikanipa na saa yenyewe niishike. Mimi ni mtu wa Kilosa, lakini hata watu wa Mikumi walikubali. Walisema mwalimu wa hisabati hana timu.

Jumapili, 25 Mei. Mikumi.

Mechi ya kwanza kwa kanuni mpya. Imekwisha jua likiwa juu. Madereva wa malori waliosimama kupumzika walikaa hadi mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wauza mahindi walifurahi.

Jambo ambalo sikulikadiria: mashabiki wanahesabu. Kwa sauti, wote kwa pamoja, kuanzia kumi. Mrushaji wa Mikumi alizomewa na watu wake mwenyewe. "Rusha, kaka, hilo si yai!"

Kashu hakuwa Kashu ninayemjua. Huyu nilimfundisha miaka minne. Sasa ni kibarua wa shamba la mbegu Kilangali na ndiye mrushaji wetu wa Kilosa. Silaha yake haikuwa kasi. Ilikuwa kungoja. Alikuwa akiushika mpira na kumtazama mkimbiaji hadi miguu ya mkimbiaji inakuwa mizito na mabega ya mpigaji yanalegea. Ndipo anarusha. Ni utulivu wa mtu aliyekua nyuma ya ng'ombe. Kanuni yangu imemnyang'anya utulivu huo. Nililijua hilo nilipokuwa naandika. Nilijiambia kwamba kanuni haiandikwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Ijumaa, 6 Juni. Kilosa.

Maelezo ya mbinu, baada ya mechi tatu.

Wakimbiaji sasa wanaiba vituo kwa kuhesabu. Ikifika sekunde ya kumi na sita wanajua mrushaji hana budi kurusha, basi wanaondoka mbio kuelekea kituo kinachofuata. Bwana Tito, kocha wa Mikumi, anawafundisha wapigaji wake kujipanga taratibu kabisa, ili mrushaji abaki na pumzi moja tu. Ujanja haujaondoka. Umehama tu kutoka kwa mrushaji kwenda kwa wanaomkabili.

Mzee Habibu, mstaafu wa reli, asiyekosa mechi hata moja, alinisimamisha sokoni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwalimu, zamani nilikuwa namtazama mrushaji na mkimbiaji wakisomana. Sasa nakutazama wewe." Nimeudhika siku nzima.

Fainali ni tarehe kumi na nne. Mshindi anakwenda kushindana Morogoro mwezi wa saba, mwezi uleule ambao ukoo wa Kashu unahamisha ng'ombe kusini. Baba yake, Mzee Moreto, hajamruhusu. Amesema atakuja kuutazama mchezo huo kwa macho yake, ndipo aamue. Kashu alinieleza hayo huku akitabasamu kama mtu aliyekwishashinda. "Akiniona nikirusha, mwalimu, atakubali tu."

Namtakia hivyo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema uwanjani.

Jumamosi, 14 Juni. Mikumi.

Niandike kwa mpangilio.

Kipindi cha mwisho. Tumefungana. Mikumi wanapiga, wakimbiaji katika vituo vyote vitatu. Kashu ameshahesabiwa mipira mibaya mitatu. Wa nne ungemsukuma kila mkimbiaji kituo kimoja mbele, wa kituo cha tatu angeingia nyumbani na kuwapa Mikumi alama ya ushindi, na mechi ingekwisha.

Alipokea mpira. Nilibonyeza saa.

Sekunde ya tano Mzee Moreto alitokea upande wa kituo cha tatu, akasimama nje ya kamba na fimbo yake. Alikuwa ametoka mbali. Kashu alimwona. Kwao, kijana anayemwona baba yake amefika asiende kumwinamishia kichwa amemtukana mbele za watu. Hakufikiri. Alivua kofia, akaenda hadi kwenye kamba, akainama. Mzee akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Hakuharakisha. Kwa nini aharakishe?

Mashabiki walikuwa wanahesabu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mtu akapaza sauti, "Mwombe na nauli kabisa!" Wakacheka, hesabu ikawapotea.

Kashu alirudi mbio. Alikanyaga mahali pake kwenye kumi na nane. Mkono ulianza kuinuka kwenye kumi na tisa.

Mwamuzi alinitazama. Hapakuwa na saa nyingine uwanjani. Ningeweza kuchelewa kuinua kitambaa chekundu cha kuonyesha kwamba muda umekwisha, na asingejua mtu ila mimi.

Nilikiinua.

Mikumi walijaa uwanjani wakiimba. Watu wangu wa Kilosa waliniita majina ambayo sitayaandika.

Mzee Moreto alinijia. Nikamwamkia, akaitikia. Akauliza mwanawe amekosa nini. Nikamweleza sekunde. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ilimpasa anipite?"

Nilimjibu kwamba kwa kanuni, ndiyo.

Akanishukuru kwa kumweleza. Akamwita Kashu, wakaondoka pamoja kwa miguu. Kashu hakugeuka. Kofia aliiacha kwenye kamba.

Jumapili, 15 Juni.

Nilipoiandika kanuni nilimwona ng'ombe. Baba sikumwona.

Alhamisi, 19 Juni. Kilosa.

Kikao cha kamati. Kanuni imesifiwa. Mechi ni fupi, watu wanajaa, madereva wanapigiana simu kuulizana siku ya mchezo. Mwenyekiti amesema nimeuokoa mchezo. Walipiga makofi. Nilitamani wanyamaze.

Mjumbe mmoja alipendekeza sababu ya nne ya kusimamisha saa: salamu kwa mzazi. Bwana Tito akacheka. "Basi mimi kila mrushaji wangu atakuja na baba yake. Akizidiwa tu, mzee anasogea kwenye kamba!"

Amesema kweli. Ndivyo angefanya, na ndivyo tungefanya sisi. Nilipiga kura ya kulikataa pendekezo. Nilikuwa sahihi. Ninachukia kuwa sahihi.

Habari kutoka Kilangali: Kashu ameacha kibarua.

Jumatano, 9 Julai. Zombo.

Nilikuja kwa pikipiki kusimamia mtihani wa majaribio. Wakati wa kurudi tulisimama, ng'ombe wanavuka barabara. Dereva alizima injini.

Kashu alikuwa nyuma yao. Shuka, fimbo, vumbi hadi magotini. Nilidhani atapita. Hakupita. Alikuja hadi nilipokuwa, akasimama wima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kashu."

Nilikuwa na kofia yake mfukoni. Natembea nayo tangu siku ile. Nilimpa. Aliigeuza mikononi, akaipangusa vumbi lisilokuwepo, akaivaa. Nikauliza kama bado anarusha. Akasema anawarushia ndama mawe wakipotoka, pembeni yao, asiwapige. Mmoja hakumrushia kitu, alimngoja tu hadi ndama akageuka mwenyewe.

Hakuulizia Morogoro. Nami sikutaja.

Ng'ombe walikuwa wengi. Tulisimama pale hadi wa mwisho alipovuka. Aliaga, akawafuata.

Saa ilikuwa kwenye mkoba. Sikuitoa. Lakini nilihesabu kimoyomoyo, tangu aliposimama mbele yangu, na sikuweza kuacha hadi vumbi lilipotulia.